Vita vya Bwana Vipimo na Mfuniko Uliopotea

Ketini, enyi mliojaliwa masikio, na aliye na sufuria motoni na akaiepue kwanza, kwa kuwa habari hii ni kubwa nami sipendi kukatizwa. Nitawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa nyuma ya ukuta wangu, baina ya jirani yangu na shimo lake la maji taka. Ewe Mola, nipe ulimi mtamu, na pua unizibe, maana hata kuyakumbuka tu yananuka.

Palikuwa na mtu mtaani kwetu, mshika futi, mtikisa ngazi, aliyevuma kwa jina la Bwana Vipimo, kwani hakuona kitu asikipime, wala hakupima kitu asikijenge, wala hakujenga kitu kikasimama wima. Alikuwa na binti, mboni ya jicho lake. Binti alikuwa na mchumba, mchumba alikuwa na wazazi, na wazazi hao walikuwa wanakuja Jumamosi, kwa mara ya kwanza, kuitazama nyumba ambamo mtoto wao anataka kuoa. Basi shikeni hilo, ndilo roho ya habari yote.

Alhamisi choo kikanguruma. Ukivuta maji hayashuki. Yanapanda, yanakutazama, kisha yanasitasita pale ukingoni.

"Baba watoto," mkewe akasema, "shimo limejaa. Ita gari la kunyonya."

Bwana Vipimo akasimama katikati ya sebule, mkono kifuani, akanena: "Ewe mama watoto, uliyenistahimili masika na kiangazi! Mimi niliyelichimba shimo hili kwa mikono yangu, leo niwape watu wa gari pesa ya ada ya muhula mzima, ili wanyonye kitu nilichokitoa bure? Haiwi! Hamira itatosha."

"Hamira ya mkate?"

"Hamira inakula uchafu. Kila mtu anajua."

Ni kweli, wapo wanaotia hamira shimoni na kuapa kwamba inasaidia. Lakini wenzake hutia kijiko. Jemadari huyu alibeba hamira yote ya duka la kona, akaitia chooni, akaongeza sukari ili ipate nguvu, akamalizia na ndoo ya maji ya moto, kisha akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Ijumaa mchana choo kikaumuka. Povu likavuka kizingiti, likaingia ukumbini bila hodi. Nami huku kwangu nikaanua nguo zote nizifue upya, na maneno niliyoyatamka siyarudii mbele za watu wazima.

Jumamosi asubuhi, shingo upande, akaliita gari. Likaja likinguruma, tangi mgongoni, bomba limejiviringisha ubavuni, na dereva wake, mtu mpole ajabu, akitafuna karanga katikati ya harufu ile.

"Mfuniko uko wapi, mzee wangu?" akauliza.

Aa, jamaa zangu! Bwana Vipimo akatazama kushoto, akatazama kulia. Akapima kutoka ukutani, akachimba, akapata kiatu. Akapima kutoka kwenye bomba la mvua, akachimba, akapata mwenzake wa kile kiatu. Dereva akatazama saa yake.

"Uko chini ya kibaraza," mkewe akasema.

"Kibaraza kipi?"

"Chako! Si nilikwambia siku ile unamwaga zege, baba watoto, unafunika mfuniko? Ukaniambia nikalete chai."

Ole wake! Kibaraza hicho, chenye vigae vya buluu na benchi lililojengewa humo humo, ndicho kitu pekee katika maisha yake kilichokubali kunyooka. Alikuwa amekiandaa awakalishe wakwe. Akakipapasa, akanena kwa sauti ya msiba: "Ewe kibaraza, mwanangu wa saruji! Nani atakayeniamini tena nikisema najua kujenga?"

Binti yake akatoka mlangoni, gauni jipya, macho mekundu. "Baba, kama umechagua vigae kuliko mimi niambie sasa hivi, niwapigie simu wasije."

Mzee wa watu akamtazama. Hakutoa hotuba. Akainua nyundo, akashusha, na vigae vikaruka hadi kwangu.

Na ndipo geti lilipofunguka! Wakwe hao! Baba wa mchumba, pandikizi la mtu ndani ya suti, na mkewe, ambaye alikuwa ametoka mbali na ameshikilia mkoba wake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mama huyo akamwinamia mwenyeji wake, mke wa Bwana Vipimo. "Samahani mama, msalani ni wapi?"

Binti akafumba macho. Nami juu ya ngazi yangu, kwani nilikuwa nimepanda kuangalia kama nguo zimekauka, nikasema moyoni: ndoa imekwisha.

Yule pandikizi akasogea, akalitazama gari, akakitazama kibaraza kilichovunjwa, akamtazama Bwana Vipimo aliyejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Ulijengea juu?"

"Nilijengea juu," akajibu, sauti imekwisha.

"Mimi shimo langu nililijengea banda la kuku." Akavua koti, akampa mkewe. "Lete tindo, ndugu yangu."

Wakapiga bega kwa bega, majabari wawili, huyu akigonga, huyu akikwangua, wakiwalaumu mafundi wa siku hizi, hata mfuniko ukaonekana! Bomba likateremka, gari likanguruma, shimo likasalimu amri. Na muda wote huo mama mkwe akizunguka uani kwa hatua fupifupi, akisifia maua ambayo hayakuwepo.

Dereva akainua kidole gumba. Mama akaingia ndani kwa mwendo ambao sikuutegemea kwa umri wake. Mlango ukafungwa. Sote tukatega masikio, hata karanga zikanyamaza.

Mara tukasikia maji. Yakavuma, yakazunguka, yakashuka! Yakashuka yote, wala hayakurudi!

Mama akatoka, uso umenawiri, akamshika binti mikono yote miwili. "Mwanangu," akasema, "hapa nimefika nyumbani."

Nikapiga vigelegele mpaka ngazi ikayumba. Andikeni basi, enyi watunza tarehe, na wajukuu wafundishwe: Jumamosi ile, kabla ya adhuhuri, mbele ya wakwe na mashahidi, choo cha Bwana Vipimo kilivuta.