Mawazo Yangu Yanatangulia Lori

Jumamosi, 2 Juni 1956. Iringa.

Nimefika saa kumi na moja jioni. Vumbi mpaka kwenye kope. Na juu ya jamvi, ndizi za nyama! Zinafuka moshi.

Naandika haya kwa ajili ya vizazi vijavyo, katika daftari la shule la binti yangu Bibie, ambaye ametumia kurasa nne tu. Mimi Halfani, dereva wa lori la Mzee Matano wa Mbeya, nina akili inayosafiri. Nikitoka Mbeya sipigi simu wala situmi barua. Hakuna ajuaye nitaondoka siku gani, maana Mzee Matano mwenyewe hajui. Lakini nikifika nyumbani, mke wangu Mwanakhamisi huwa keshainjika sufuria, na ndani ya sufuria mna kile kile nilichokitamani njiani. Leo ni mara ya tisa.

Tamaa ya ndizi ilinishika Igawa, nikinywa chai. Nikamweleza mama muuza chai kwamba nyama yake iwe ya mbavu. Makambako nikamkuta Jailos, dereva wa lori la mbao, anatangulia Iringa. Naye nikamweleza, kupitisha wakati tu. Sao Hill nikamweleza mlinzi wa mbao. Kisha nikakaza akili, nikafumba jicho moja (jingine la barabara), nikamtumia mke wangu wazo.

Nyama ilikuwa ya mbavu. Nani atabisha?

Jumapili, 3 Juni.

Dresa Philbert amebisha.

Tena kwenye baraza la kahawa, Miyomboni, mbele za watu. Philbert ni dresa wa zahanati, mfunga vidonda, na jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alisoma kwa mapadri Tosamaganga, na tangu alipoonyeshwa mdudu kwenye hadubini haamini kitu asichokiona. Alisema mara tisa si ushahidi. Akasema kwikwi haina maana kwamba unatajwa, jicho likicheza halileti mgeni, na mke akipika jioni maana yake ni jioni. Watu wakacheka. Nikamwambia sayansi yake imeishia kwenye dawa ya upele. Wakacheka zaidi, alhamdulillahi.

Hapo akaleta habari ya majaribio. Ataandika vyakula sita kwenye karatasi sita, kila moja na bahasha yake. Shemeji yake Tadeo, katekista, mtu asiyetabasamu hata Pasaka, ataokota bahasha moja bila mtu kuifungua. Tano zilizobaki zitachomwa moto. Hivyo hata Philbert mwenyewe hatajua ni chakula gani. Tadeo atapanda nami mpaka Mbeya. Wakati wa kurudi, Igawa, nitafungua bahasha, nitakiwaza chakula hicho, na tangu hapo mpaka nyumbani nisiseme na mtu hata neno moja. Mwanakhamisi akikipika, Philbert atanipa redio yake ya betri. Asipokipika je?

Baraza zima likanigeukia. Nikasikia mdomo wangu unasema nitatoa cherehani.

Cherehani ni ya Mwanakhamisi. Lakini mume na mke ni kitu kimoja. Wala si kamari. Kamari ni haramu, hii ni sayansi.

Jumatatu, 4 Juni. Njiani.

Asubuhi Mwanakhamisi alikuwa anashona gauni la harusi la binti wa fundi mwashi. Akaniuliza kama nina la kumwambia. Nikasema sina. Akauliza tena nikifunga viatu. Akauliza mara ya tatu nimeshafika mlangoni. Nikamwambia asinichoshe akili, ina kazi Jumatano. Akasema haya, Baba Bibie, safari njema. Akaendelea kushona, kwa nguvu kuliko gauni lilivyohitaji.

Roho iliniuma mpaka Ipogoro, hapo chini tu ya mji. Cherehani ile aliinunua mwenyewe kwa kushona miaka mitatu kwa mkono. Ikienda, gauni la watu atalimaliza kwa kitu gani? Nikajiambia haiendi popote. Ipogoro ikapita, roho ikatulia.

Tadeo amekaa kushoto kwangu, bahasha mfukoni. Anasali rozari. Kila kona anapandisha sauti. Nilijaribu kumtumia wazo kwamba anikatie muhogo wake kidogo. Aliula wote, akakung'uta kitambaa nje ya dirisha.

Jumanne, 5 Juni. Mbeya.

Baridi ya kukata masikio. Leo mazoezi.

Nilisimama nyuma ya mlango wa ghala, nikamtumia Mzee Matano wazo: mpe Halfani siku mbili apumzike. Robo saa nzima bila kupepesa. Mzee Matano akatoka, akanitazama, akaniuliza naumwa au nimesimama tu. Nilipojibu nimesimama tu, akaniongezea magunia kumi ya viazi.

Nimechunguza jambo hili kwa makini. Wazo lilifika, ila lilipinduka njiani. Matajiri inabidi kuwatumia kinyume.

Tadeo ameandika kwenye kitabu chake kwamba jaribio halikufaulu. Ni mtu wa upande wao huyo.

Jumatano, 6 Juni. Makambako, saa saba mchana. Gurudumu linazibwa.

Alfajiri tumetoka Mbeya, tumepitia Ubaruku kubeba mchele, na Igawa tumefungua bahasha.

Makande!

Vyakula vyote alivyoumba Mola, makande. Nilikula makande miaka minne shuleni, nikaapa sitayala tena. Nilikuwa nimeomba pilau. Lakini sayansi ni sayansi; nikaanza kuwaza makande. Nawaza mahindi, nawaza maharage, mara pilau inaingia na mdalasini wake bila hodi. Naifukuza, inaingia chapati na kuku. Na njaa ilivyo! Tadeo amenikataza hata chai, nisije nikasema na mama muuza chai. Mpaka tunafika hapa nimeshawaza ugali wa kisamvu, nimewaza viazi kwa njegere, nimewaza ndizi, na pilau imerudi mara tatu. Makande nimeyawaza pia, kwa heshima ya cherehani.

Na kunyamaza kwenyewe! Mama wa chai alinisalimu, nikainua mkono. Mkata tiketi wa basi akaniuliza habari za Mbeya, nikatazama mawingu. Mimi Halfani. Halafu akatokea Jailos na lori lake la mbao, akaniuliza leo nyumbani nakwenda kula nini. Maneno yalipanda yakafika kwenye meno. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakanitoka. Jailos akanitazama kwa huruma, akasema pole sana kaka, akaondoka mbio. Moyo mwema yule bwana.

Alhamisi, 7 Juni. Iringa.

Sasa niandike ya jana jioni, na mkono wangu bado unanuka mdalasini.

Ipogoro mwanamke nisiyemjua aliniambia pole kwa jino. Miyomboni watu watatu waliniambia pole kwa jino. Sina jino bovu. Mlangoni kwangu alikuwa amesimama Dresa Philbert na koleo la kung'olea, akaniuliza ni la juu au la chini. Nikamsukuma nikaingia.

Juu ya jamvi, makande! Nilipiga kelele kama mtoto. Kisha nikaona pilau pembeni ya makande. Na chapati kwa kuku. Na ugali wa kisamvu. Na viazi kwa njegere. Na ndizi za nyama. Majirani wamekaa kuzunguka jamvi lote, Benedicta mke wa Philbert anagawa sahani. Na peke yake kwenye kona, bakuli la uji.

Nikawatangazia watu wote: nimetuma kimoja, vimefika sita. Pilau ilikuwa nyingi kuliko vyote, nami najua kwa nini, maana ndiyo iliyonisumbua zaidi.

Philbert akamuuliza mke wangu. Mwanakhamisi alijibu huku akipakua, hata kichwa hakuinua. Alisema orodha aliipata Jumapili hiyo hiyo kwa Benedicta, maana Dresa alishindwa kupata vyakula sita kichwani mwake, ikabidi amuulize mkewe. Habari ya cherehani aliipata kwa watu kumi na mmoja kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa hakujua bahasha ina nini, alipika vyote. Cherehani yake, alisema, si kitu cha kuachia bahati.

Philbert akauliza na uji je? Mwanakhamisi akasema Jailos alipita saa kumi, akamwambia Baba Bibie jino linamuuma mpaka analia.

Na ndizi za Jumamosi? Jailos. Na kuku wa kabla ya Ramadhani? Mlinzi wa Sao Hill, kwa mkono wa dereva wa basi. Philbert aliuliza mara tisa, na mara zote tisa palikuwa na mtu na gari lake. Mara sita ni Jailos. Dresa alicheka mpaka akakaa chini na koleo lake. Akasema kwa kawaida mdomo huponza kichwa, lakini wa Halfani unamlisha.

Tadeo akatoa hukumu: bahasha ilisema makande, na makande yapo. Kisha akaomba sahani. Alikula vyote sita, na kwenye pilau alitabasamu. Nimeandika saa, ilikuwa kumi na mbili na robo. Benedicta naye akahukumu kwamba siri imevujia nyumbani kwa Dresa, kwa hiyo redio ikae mwezi mzima kwa Mwanakhamisi. Philbert mdomo umejaa ndizi, hakuweza kukata rufaa. Redio ikaletwa, wanawake wakasimama kucheza, Bibie akamfundisha katekista kupiga makofi kwa wakati. Sijapata kuona nyumba yangu ina furaha namna ile.

Walipoondoka Mwanakhamisi alikaa karibu yangu. Hakufoka. Alisema nikitaka ndizi niseme nataka ndizi, yeye atapika, hajawahi kuchoka kunipikia. Lakini nikiitoa cherehani yake tena, nitajipikia kwa mawazo. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikamwambia nimekosa, mke wangu. Akanisogezea uji. Ulikuwa mtamu, akaniangalia mpaka nikaumaliza.

Ijumaa, 8 Juni.

Baada ya sala nimekaa peke yangu, nimefikiri sana. Nimegundua kwamba watu wote juzi walikosea, pamoja na sayansi.

Makambako sikumwambia Jailos neno lolote. Hata moja. Tadeo ni shahidi. Mbona alikwenda moja kwa moja kwa mke wangu na habari zangu? Na mara sita kati ya tisa ni yeye! Jambo liko wazi kama mchana. Kosa langu ni kudhani natuma kwa Mwanakhamisi. Natuma kwa Jailos. Yule bwana ni mpokezi, wa aina yake, na mwenyewe hajijui.

Nimemweleza Philbert. Amecheka mpaka akakohoa, lakini amekubali jaribio jipya wiki ijayo, redio yake iwe dhamana tena. Cherehani sikuigusa; nimeahidi, na mimi ni mtu wa ahadi. Isitoshe haionekani, naambiwa imehamia kwa Benedicta. Dhamana yangu nimeweka kitanda.

Mwanakhamisi hapaswi kujua mpaka nishinde, hivyo safari hii siri nimeishika barabara. Sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Jailos, maana yanamhusu. Alikuwa ameshawasha lori, akaniitikia kwa kichwa, akaondoka kuelekea mtaani kwetu.