Madumu Mawili Mkiani

Jumatatu, 16 Juni 2025. Kibondo.
Natangaza rasmi, mbele ya chandarua na kandambili zangu: kuanzia leo nina kilo sabini na mbili. Mizani ya maharage pale sokoni inadai themanini na moja. Mizani ya wachuuzi! Karatasi ya uzito wa ndege nimeijaza sabini na mbili.

Hali ni hii. Keshokutwa tunarudi Kigoma na kandege ka mafunzo, mimi nikirusha. Kapteni Ildefonsi, mkufunzi wetu, kasema nikikosea tena hesabu ya uzito, basi, nikauze dukani kwa baba Kasulu. Nimeshafeli mara mbili. Asmahani, mwanafunzi mwenzangu, hajafeli hata mara moja. Na hajisifu. Ndiyo inayouma.

Mpango: Kapteni apate asali. Aliyelamba asali hafelishi mtu.

Jumanne, 17 Juni.
Mama mdogo Zaitun kanipa madumu mawili ya lita ishirini. Nilitaka moja. Akasema mkubwa hapelekewi dumu moja kama mgonjwa. Akaongeza kiroba cha maharage, eti nisimtie aibu.

Vyote nimevificha mkiani, chini ya turubai. Kapteni atashtukizwa Kigoma. Hatari naijua: mkia ukizidiwa, pua inanyanyuka hewani na hairudi. Kwa hiyo nimepiga hesabu kwa uadilifu. Petroli lita ishirini ni kilo kumi na nne na ushee. Asali nayo humiminika. Kumi na nne! Maharage sikuyahesabu. Ni chakula.

Nikaandika "vifaa". Asmahani akawaona nyuki wawili wanaonifuata, akauliza tangu lini asali ikawa petroli. Nikamwambia ashughulike na vyake.

Jumatano, 18 Juni. Uwanjani.
Asubuhi, baridi, na mimi jasho. Kapteni anazunguka ndege, anagongagonga bati. Mkono ukafika mlango wa mkiani. Simu yake ikaita! Akaupita. Nikashukuru kwa dini zote mbili.

Akasaini karatasi yangu. Akasema safi, Twalibu. Safi! Akamwambia Asmahani atangulie kiti cha nyuma.

Akapanda. Pua ikaanza kuinuka. Polepole, kama mtu anayeamka na maumivu ya kiuno. Mkia ukagonga changarawe, pu! Mlinzi Mpawenimana akapaza sauti: "Bwana rubani, mbona ndege yako imekaa kitako?"

Kapteni hakufoka. Afadhali angefoka. Akavuta turubai, akauliza ni vya nani. Nikasema, vyako, mzee. Akanyanyua dumu, akalitua upesi. Asmahani, kutoka huko nyuma alikokwama, akasema asali inafika kilo ishirini na nane kwa dumu. Nani kamuuliza? Karatasi kapewa yeye. Na kiti changu. Mimi na mizigo yangu, tukapande basi.

Alhamisi, 19 Juni. Kasulu, ndani ya basi.
Sishuki hapa stendi, baba asinione. Kosa nimeligundua: madumu yalikuwa makubwa mno. Nimeyagawa kwenye manne ya lita kumi. Mepesi! Nikifika Kigoma nayapeleka hadi mlangoni kwa Kapteni, na kiti changu kinarudi. Nimempigia Asmahani anielekeze nyumba. Kaelekeza vizuri tu. Akaongeza kwamba Kapteni ana kisukari.