Milka ya Afra na Bakuli Lenu la Achari

Al Mawaleh, Maskati

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mchezo wa Bakuli la Achari,
Amerika

Bwana Mwenyekiti,

Baada ya kukutakieni afya wewe na wanakamati wote, mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na sita, nna kitambi na kisukari kidogo, na sijapata kumwandikia Mmarekani yeyote barua ya lawama. Nisamehe nikikosa adabu. Nakusudia kuikosa kidogo tu.

Ijumaa ya mwisho ya Desemba, baada ya sala ya alasiri, ni milka ya binti yangu Afra, yaani ndoa yenyewe, katika ukumbi wa Al Hail. Bwana harusi ni Yaqdhan, kijana wa Al Ghubra anayesomea uhandisi huko kwenu. Chuo kiliona anavyopiga mpira, kikamtia katika timu ya ule mchezo wenu wa mpira wa umbo la papai. Na Ijumaa hiyo hiyo nyinyi mmempangia mechi. Naomba muifute. Sababu zangu ni hizi:

1. Timu yenyewe haistahili. Msimu mzima imeshinda mara sita na kufungwa mara sita, na kwa kanuni yenu ushindi wa sita unatosha kuialika katika mechi hii. Mimi skuli nilipata hamsini kwa mia katika hesabu, na marehemu baba hakualika watu. Wageni walipokuja alinificha jikoni. Nyinyi mtu akipata nusu mnampigia matarumbeta, mnampandisha ndege na kumzawadia saa ya mkono. Tena nasikia mechi za namna hii mnazo karibu arubaini kila mwaka. Huko kwenu nani anayenyimwa sherehe?

2. Nilihadaiwa. Tarehe niliiweka timu ikiwa imeshafungwa mara tano mfululizo. Nilimwambia baba yake Yaqdhan kwa kinywa changu, "Bwana Aflah, weka Desemba bila wasiwasi, hawa hawendi popote." Nilikuwa na imani kamili na ubovu wao. Wakaanza kushinda. Mechi ya mwisho kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, tumekaa na chai na mandazi, zimebaki sekunde tatu, Yaqdhan akaupiga mpira ukapita katikati ya ile miti miwili ya goli. Ushindi wa sita! Mama Afra akapiga vigelegele, mimi nikaruka nikamwaga chai nzima juu ya zulia. Ndipo Afra aliposema polepole, "Baba, sasa si ndiyo haji?"

3. Jina la mechi ni la kiwanda cha achari, na nasikia kocha atakayeshinda humiminiwa kichwani pipa zima la maji ya achari, ulimwengu mzima ukitazama. Mama yangu, Bi Ruqaya, mzaliwa wa Unguja, ana miaka themanini na tatu. Aliniuliza, "Kijana haji kuoa kwa sababu ya achari? Mwambieni arudi, nnayo ya embe mitungi mitatu." Mjibuni nyinyi, kwa maandishi, na herufi ziwe kubwa.

4. Yaqdhan mwenyewe hachezi. Mechi inakwenda kwa muda wa saa tatu na nusu; majitu yenye kofia ngumu yanakumbatiana na kuangushana, naye amekaa benchi na koti lake. Nimempimia kwa saa: aliingia, akapiga teke, akatoka. Sekunde kumi na mbili! Azimeni mguu wa mtu mwingine.

5. Watu hawaji. Nimetazama picha za mwaka jana, upande mmoja wa uwanja mlikuwa na viti na jua tu. Mimi kadi nimetoa mia nne, na jamaa zangu ukialika mia nne wanakuja mia sita.

Utauliza kwa nini simwambii kijana mwenyewe aiache. Nilitaka. Afra akanikataza: "Usithubutu, baba! Akiiacha kwa ajili yangu, kila tukigombana atanitolea hiyo mechi mpaka tuzeeke." Amemsubiri miaka miwili. Nguo yake imetundikwa nyuma ya mlango na kila nikipita naiona. Basi sina wa kumlaumu ila wewe.

6. Kwa hesabu yenu nusu inatosha. Kama ni hivyo, milka isiyo na bwana harusi nayo ni milka kamili. Kwetu baba humshika mkono mwanamume anayemwoza binti yake. Nieleze, mheshimiwa, mimi nitamshika mkono nani, mtungi wa achari? Hakuna mwenye akili timamu atakayelikubali jambo hilo.

Nasubiri tangazo la kuifuta mechi. Nisalimie wanakamati, makocha, wapiga matarumbeta wote, na yule bwana wa kubeba pipa, mwambie aangalie mgongo wake.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Sinan bin Hatem,
baba wa bibi harusi

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nilimwendea sheikh wa msikiti wetu. Amesema bwana harusi anaweza kuweka wakili wa kumpokelea ndoa, na Bwana Aflah amekubali kukaa mahali pa mwanawe. Nikauliza, na baba wa bibi harusi je? Akasema naye anaweza. Basi ndugu yangu atakaa mahali pangu. Afra aliposikia akasema, "Kama nyote mna mawakili, mimi nabaki kufanya nini? Nataka kiti cha dirishani." Kwa hiyo, mheshimiwa, tafadhali sana msiifute mechi. Wageni mia sita watakula pilau Al Hail, wakili atampa mkono wakili, na sisi tutakuwa kwenu. Tuwekeeni viti vinne karibu na ile miti miwili. Mama ameipata achari yenu dukani, akaionja, akasema haikuanikwa. Anakuja na mtungi wake. Na kwa tofauti ya saa, mechi ikianza Yaqdhan atakuwa ameshaoa tangu asubuhi ya huko kwenu. Mwambieni apige vizuri, mkewe atakuwepo.