Diski Yenye Manukato

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya nyumbani imekata roho. Kimya! Tasnifu ya mke wangu imo humo humo, na mwisho wa kuiwasilisha ni Jumamosi. Alitaka kumpigia kaka yake, fundi wa kompyuta wa ofisi kubwa. Nikamwambia shemeji ana kazi nyingi, asisumbuliwe. Ukweli ni kwamba simpendi. Aliwahi kunifundisha kuchomeka plagi mbele ya wakwe zangu wote! Faili nitazitoa mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua kompyuta kwa kisu cha mezani, nikachomoa diski. Kiboksi kizito cha chuma. Jirani kaniazima waya wa kuiunganisha na kompyuta yake. Inalia ti-ti-ti, faili hamna. Jirani kanishauri nisiiguse tena. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeifungua diski yenyewe! Ndani mna sahani inayong'aa, ila ina alama za vidole. Vyangu, nadhani. Nimeisugua kwa pamba na manukato ya mke wangu. Sasa najiona mpaka meno. Mke wangu kauliza kazi imefikia wapi. Nikamjibu, hatua za mwisho.

Alhamisi, 7 Machi
Hata ti-ti-ti imekoma. Nimeipeleka kwa siri kwa fundi wa mtaani. Kainusa. Kauliza nani kaifanyia unyama huu. Nikasema shemeji yangu. Kanipa pole, kisha akawaita wenzake waje kuiona. Wameipiga picha. Humo hakitoki kitu tena.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anaandika sura ya kwanza upya, kwa mkono, macho mekundu. Roho iliniuma kweli. Nikakiri yote, isipokuwa manukato. Hakunigombeza. Alichukua simu akampigia kaka yake. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja. Kumbe kompyuta ina diski mbili! Tasnifu ilikuwa kwenye ile nyingine, nyembamba, ambayo sikuiona. Kaichomeka kwenye kompyuta yake, sura zote hizo hapo. Mke wangu kalia kwa furaha. Nikauliza ile niliyoisugua ilikuwa na nini. Mke wangu kasema ni nyimbo zangu, zote nilizotunga na kuziimba mwenyewe. Wakatazamana, yeye na kaka yake. Sikuona huzuni.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kaenda kuwasilisha tasnifu. Shemeji alilala kwetu, bado anakoroma sebuleni. Nimeijaribu kompyuta yake. Inachelewa mno kuwaka, aibu kwa fundi wa cheo chake! Akiamka ataikuta nzima kabisa. Skrubu mbili zimeshatoka.