Bunduki ya Baba kwenye Meza ya Doyle

Jumatano, 8 Oktoba

Imeonekana! Bunduki ya marehemu baba. Ile ya mitutu miwili, yenye waya wa shaba kitakoni, pale nyumbu wetu wa kulimia alipoikanyaga mwaka wa ukame. Baba aliufunga waya ule mwenyewe kwa koleo, akitukana kwa sauti ya chini kwa sababu mchungaji alikuwa anapita.

Habari nimeipata kinyozini. Iko kwa Doyle Crum, yule mwenye masharubu kama ufagio wa chelewa. Ataipanga mezani kwenye maonyesho ya bunduki ya Cabin Springs wikiendi hii. Niliitoa kwa mikono yangu nikiwa na miaka ishirini na sita, nikapewa mashine ya boti, nipate kumtembeza Oleta ziwani akubali kuolewa. Mashine ilizama siku ya kwanza. Oleta alikubali hivyo hivyo, akiwa amelowa. Basi, tuyaache hayo.

Tatizo ni shemeji. Burl Hoskins, kaka wa Oleta, alikuwa kiti cha pili pale pale, povu shavuni, masikio wazi. Akasema bunduki hiyo itapendeza sana juu ya meko yake. Kwamba kila Sikukuu ya Shukrani nikienda kula bata mzinga kwake nitakuwa naitazama tu, kama mbwa nje ya bucha. Kinyozi akacheka hadi akanikwangua sikio. Na bado akanitoza bei kamili!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata mpango. Mzuri. Umenijia nikiwa natafuta meno yangu.

Raia wa kawaida wanaingia Jumamosi. Ijumaa ni ya wenye meza, eti wanapanga bidhaa. Wapange nini! Ijumaa ndiyo siku wanayobadilishana vitu vizuri wao kwa wao. Jumamosi saa tatu asubuhi ukiingia na tiketi yako unakuta soksi, mishumaa yenye harufu ya tumbaku, na jamaa anayeuza vibandiko vya kuweka nyuma ya gari.

Kwa hiyo nahitaji meza. Nimemwambia Oleta jamu yake ya matofaa inastahili kuuzwa hadharani. Akaniuliza tangu lini najali jamu yake. Nikamwambia tangu zamani, ila mimi ni mtu wa siri. Kisha akasema sawa, akaanza kupanga chupa. Nimepiga simu, nimekodi nusu meza kwa jina lake. Nimemwonya asimtajie mtu yeyote habari za bunduki, hata neno moja, maana muuzaji akijua roho yako iko wapi, anakubana hapo hapo.

Burl hana meza. Ha!

Ijumaa, 10 Oktoba

Nusu meza ina beji moja. Moja! Imeandikwa Oleta Stotts.

Mlangoni alikuwa Clete, niliyesoma naye darasa la nne mara mbili. Nilimwambia Oleta ni jina la ukoo wetu, hata wanaume wanaitwa. Akasema, “Verlin, mimi nilisimamia harusi yenu.” Nikarudi kwenye pikapu. Nimekaa humo kwa muda wa saa nne na nusu, na mkate wa soseji uliopoa.

Saa nane nikamwona Burl anapita mlangoni kifua mbele, beji inang'aa. Kajiandikisha kuwa msaidizi wa muuza nyama kavu! Burl, ambaye nyumbani hasaidii hata kubeba sahani yake. Akanipungia mkono kwa kipande cha nyama.

Oleta katoka jioni, sukari ya donati kidevuni. Kafurahi sana. Watu wazuri, kasema. Na bunduki? Ipo, bei imeandikwa dola mia sita na hamsini. Burl kaizunguka mara tatu lakini hakuinunua, anangoja ishuke. Bahili yule, hata akihema anahema nusu. Nikamwuliza Oleta kwa nini yeye hakuizuia. Akanikumbusha kwamba nilimkataza kutaja neno bunduki. Ni kweli nilimkataza. Lakini mke wa miaka arobaini na minane anatakiwa ajue lini asinisikilize!

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa hasira. Niyapange.

Nimelipa kiingilio kama mgeni. Foleni hadi kwenye zizi la ng'ombe. Mbele yangu jamaa kavaa begi mgongoni kubwa kama friji, kila akigeuka anafagia watu watatu. Nyuma yangu mwingine ananisimulia bastola ya mjomba wake, toka ilipotengenezwa hadi ilipoibiwa. Nikamwambia na mimi nina mjomba aliyeibiwa. Hakusikia.

Lakini ndani! Ile harufu ya mafuta ya bunduki na vitunguu vya kukaanga. Vitako vya mbao ya mwalnati vimeng'arishwa hadi unajiona uso. Wazee wa rika langu wamekaa nyuma ya meza, wanadanganyana bila haya, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Mtu akiniambia peponi kuko hivyo, nitaanza kwenda kanisani.

Nikaiona. Waya wa shaba ule ule. Nikakohoa ili Doyle asijue.

Sasa, kule kwetu kuna sheria ya mkono. Haijaandikwa popote lakini anayeivunja hapewi tena salamu. Kitu kikiwa mkononi mwako, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitajia bei. Ukikiweka mezani, umekiachia dunia. Basi nikaichukua, nikaishika. Nikaanza kazi ya kuiponda. Kutu hii. Kitako kimepasuka. Nani huyu alifunga waya, kipofu? (Nisamehe, baba.) Nikasema mia nne. Doyle akasema mia sita na hamsini, huku anatafuna.

Burl akaja akasimama nyuma yangu. Akapumua. Kala vitunguu. Akasema, “Usiwe na haraka, shemeji. Mimi nina siku nzima na kibofu cha kijana.”

Mshenzi. Ananijua. Nilikunywa kahawa vikombe vinne ndani ya pikapu.

Nusu saa nikaishika. Saa nzima. Mia nne na hamsini. Mia sita na hamsini. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikahamia wa pili. Nikamwomba Doyle niende nayo chooni mara moja tu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamtumia ujumbe Oleta aje anishikie, akajibu hawezi, ana wateja. Kwenye jamu! Foleni imepinda hadi kwa muuza visu!

Mvumilivu hula mbivu, lakini aliyesema hivyo hakuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi. Alipita kijana mwenye redio ya ukumbi, nikamnong'oneza. Dakika mbili baadaye kipaza sauti kikatangaza: pikapu ya kijani, namba kadhaa kadhaa, taa zinawaka. Ya Burl! Akatoka mbio, suruali inamvuka. Nilicheka hadi ikawa hatari.

Sasa nikawa peke yangu na Doyle. Mtu wa kawaida angelipa. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kupata kwa bei ya haki. Nikaiweka mezani taratibu, nikapiga miayo, nikaondoka. Hiyo ndiyo mbinu kuu ya maonyesho: unampa mgongo muuzaji, unatembea, roho inamwuma, anakuita. Ukigeuka mapema, umeliwa. Na choo kilikuwa upande huo huo.

Na akaniita! Nilimsikia vizuri kabisa: “Verlin! Mia tano na hamsini, chukua!” Mia nzima imeshuka kwa hatua saba! Nikajiambia aliyeita mara moja ataita mara mbili. Nikajitia hamnazo. Nikaenda.

Chooni foleni ya wazee kumi na mmoja. Wazee! Unajua kila mmoja anachukua muda gani.

Niliporudi, mezani palikuwa na nafasi tupu yenye umbo la bunduki. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto kaipitia, kauliza bei, kalipa mia sita na hamsini bila kupunguziwa hata senti. Bila kupunguziwa! Watu wa namna hii ndio wanaoharibu maonyesho.

Burl akarudi anahema. Alipoona nafasi tupu akadhani mimi ninayo, mimi nikadhani yeye anajua iliko, tukazozana dakika tano juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho.

Tulipotoka, pikapu yangu haikuwaka. Ni taa. Nilikuwa nimeziacha mimi. Mwenye nyaya za kuwashia betri uwanja mzima alikuwa Burl. Alinitaka niseme “tafadhali, shemeji kipenzi” mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti, Clete asikie.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikutaka kwenda. Oleta kasema jamu haijiuzi, ingawa kwa nilivyoona inajiuza.

Nikampitia Doyle, nimlaumu kidogo. Akaniuliza kwa nini niliing'ang'ania takataka ile saa nzima. Nilikuwa nimechoka, nikateleza, nikasema ilikuwa ya baba. Doyle akaacha kutafuna. Kasema ningemwambia hivyo tangu mwanzo angenipa kwa mia tatu aliyoinunulia, na kahawa juu. Kasema baba yangu aliwahi kumvuta trekta lake kwenye tope usiku kucha. Nikamwambia hiyo ndiyo lugha ya wauzaji baada ya kuuza. Akatikisa kichwa. Masharubu nayo.

Saa sita nikaenda kwenye meza ya jamu, niibe mkate. Nikakuta yule mama wa kigari, Janeen, muuguzi, kakaa kwenye kiti changu, anamlisha mtoto jamu kwa kijiko. Oleta kashamsimulia kila kitu! Nyumbu, koleo, mchungaji, mashine ya boti, mpaka alivyotoka ziwani na magugu kichwani. Siri zangu zote za biashara mezani! Nilitaka kupiga kelele.

Kisha nikaona. Bunduki iko chini ya meza, imefunikwa kwa taulo ya jikoni. Janeen kamrudishia Oleta kwa bei ile ile aliyonunulia. Kasema alitaka tu kitu cha kale cha kutundika ukutani, atapata kingine. Oleta akalipa kwa fedha ya jamu na akiba ya mablanketi anayowashonea watu, akamwongezea chupa mbili. Hakubembeleza hata dola moja! Ningekuwepo mimi, ningemshusha hadi mia tano.

Njia nzima ya kurudi nyumbani bunduki iliketi katikati yetu. Upepo ulikuwa unaniingia machoni. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini hiyo pikapu ni mbovu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Asubuhi Oleta kaiweka juu ya meza ya jikoni, kando ya mayai. Akasema ni yangu. Bure. Sharti moja: nimwambie kwa mdomo wangu kwamba naitaka, kwa sababu ni ya baba. Maneno hayo tu, basi.

Nikashtuka. Bure? Sijazaliwa jana. Bure ya mke ndiyo ghali kuliko zote. Leo utasema naitaka, kesho uko juu ya paa unazibua mifereji, keshokutwa umevaa tai, uko safarini kwa dada yake, mjini Tulsa. Nikaivuta nikaitazama mtutuni, nikaguna. Nikasema hali yake si nzuri. Kwamba kwa kuwa inamjazia jikoni, naweza kumsaidia kuiondoa kwa dola mia mbili na hamsini.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Akafuta mikono, akasema basi mteja mwingine yupo. Akampigia Burl.

Ni mtego. Nawajua hawa, damu yao moja. Burl kafika baada ya robo saa, hata hajachana nywele, kaketi kwenye kiti changu na mia sita na hamsini mkononi, noti zimekunjwa. Oleta kanigeukia. Kaniuliza kwa upole kabisa, mbele yake, “Verlin, unaitaka au huitaki?” Na Burl, mjanja yule, kajifanya anatazama dirishani, kasema, “Sema tu, mzee. Mimi nitakunywa kahawa yangu niende.”

Umeona walivyojipanga? Kidogo waninase! Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikapiga miayo, nikachukua daftari hili na kofia, nikatoka kuelekea ghalani. Taratibu. Mgongo nimewapa.

Sasa nimekaa juu ya ndoo, naandika. Dakika sita. Bado hawajaniita. Wanajikaza.

Mlango wa jikoni umefunguka. Hatua za Burl kwenye changarawe, nzito, za mtu aliyebeba kitu. Wanaigiza vizuri. Mlango wa pikapu yake umefungwa.

Injini imewaka. Oleta anaita jina langu. Mara moja.

Sigeuki. Pikapu imepita kwenye sanduku la barua, sasa iko barabara ya lami, inabadilisha gia. Wacha iende. Nawajua. Wameanza kulainika.