Sajenti Kurunzi, Leza ya Jeshi na Mbuzi wa Mama Mkwe

Enyi mliokaa na mliosimama, enyi wenye haraka zisizo na mbele wala nyuma, shusheni mizigo mnisikilize, maana leo nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata ya mbu, na bado, nawaapia, kambi nzima ilitetemeka. Namsimulia Sajenti Kurunzi, mbeba nuru, baba wa pacha, mkwe mwenye adabu zake, na siku aliyomkabili mbuzi.

Shujaa huyu alikuwa na silaha, nayo haikuwa ya mchezo. Ilikuwa leza ya kutia kiwi: haiui, haitoboi, ila humwagia adui mwanga wa kijani machoni hata asijue aendako wala atokako. Ilisimama kwa miguu mitatu langoni mwa kambi, ikapanguswa kila asubuhi kwa kitambaa laini kuliko nguo za wanawe. Vumbi likipanda, haifai. Ukungu ukishuka, haifai. Betri ikichoka, ndiyo kabisa! Wenzake walimcheka hadi wakambandika jina la Kurunzi, naye akavumilia, kwa sababu aliipenda. Na siku hiyo Brigedia alikuwa anakuja kuamua: leza ibaki, au irudishwe sandukuni na Sajenti arudi stoo ya viatu, alikokaa miaka akinusa buti za watu. Aliiogopa stoo ile kuliko risasi.

Brigedia akawasili na maofisa wake, matumbo mbele, medali zikigongana. Na kwa kuwa sheria ya leza ni sheria, kila mmoja akavalishwa miwani ya rangi ya chungwa, ya kukinga macho. Sajenti akapiga saluti, akanguruma:

"Mheshimiwa Brigedia! Aliyezoea kuja kwa jeuri, leo atarudi akipapasa! Tazama ukuta ule!"

Akabonyeza.

"Nitazame nini?" akauliza Brigedia. "Mbona sioni kitu?"

Akabonyeza tena, jasho likimtiririka. Maofisa wakanyoosha shingo. Ukuta ulikuwa ukuta. Jamani! Miwani ile ilitengenezwa kuzuia kijani kile kile, nayo ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri mno. Na hakuna aliyekumbuka, hata Sajenti mwenyewe, maana hofu ilikuwa imeshamla akili.

"Sajenti," akasema Brigedia kwa upole wa kutisha, "stoo ya viatu bado ina nafasi."

Hapo ndipo alipoingia adui. Mbuzi jike mweupe, mwenye ndevu za hakimu, mla mawaridi ya mke wa Kanali, ambaye askari wote wa zamu walishindwa kumkamata, kwani akikuona tu unasogea, keshapaa. Kumpiga fimbo, Sajenti hathubutu: mbuzi ni wa mama mkwe wake, akaaye nyuma ya ua wa kambi, na mama mwenyewe alikuwa amesimama pale uani akitazama. Mbuzi akaingia bustanini mchana kweupe, akauma waridi la kwanza.

Sajenti akageuza mtambo, akamlenga. Mbuzi, ambaye hakuvalishwa miwani na mtu, akapepesa macho, akapiga chafya, akageuza mgongo, akaendelea kula.

"Amegeuka!" Brigedia akapaza sauti. "Kumbe kuna kitu kinatoka!"

"Lakini bado anakula," akasema Kanali kwa uchungu, maana yeye ndiye atakayeulizwa nyumbani.

Na hiyo ndiyo shida ya silaha ile: anayekutazama umemweza, anayekupa mgongo anaendelea na shughuli zake. Lakini mgongo si macho, na shujaa wetu akaling'amua hilo papo hapo.

"Mheshimiwa, nishikie hapa. Tafadhali usiachie."

Brigedia, aliyezoea kuamrisha maelfu, akashika kitufe kwa kidole kimoja, ulimi nje. Sajenti akalala kifudifudi, akatambaa kwenye matope kama anayeteka ngome. Kila mbuzi alipotaka kugeuza shingo, mwanga ukamrudisha mawaridini. Ndipo Sajenti akaruka, akaudaka mguu wa nyuma!

"Mkwe!" ikatoka sauti uani. "Ndiyo ile kazi unayotuambia ni siri ya serikali? Kukamata mbuzi wangu?"

"Shikamoo mama," akajibu shujaa, matope mdomoni. "Ndiyo hiyo."

"Marahaba. Basi mlete polepole, ana mimba."

Brigedia akavua miwani, akatoa hukumu ambayo hadi leo imebandikwa langoni: leza inabaki, ila popote itakapopangwa, apangwe pia mtu wa kushika mguu.

Basi wafundisheni watoto, enyi mlionisikia, kwamba siku ile jeshi lilishinda. Mateka akarudishwa kwao amebebwa kifuani, akicheua mawaridi, na Sajenti Kurunzi akapita mbele ya stoo ya viatu bila kugeuza shingo.