Meza Inayotazama Ziwa

Jumatatu, 24 Machi

Lorraine amestaafu! Keki imeliwa, machozi yamefutwa, na meza yake ya dirishani iko tupu. Meza hiyo inatazama Ziwa Superior lote. Yangu inatazama friji. Miaka yote niliyojibu simu katika kampuni hii ya kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani, nimeijibu nikitazama friji.

Leo barafu ziwani imeanza kupasuka. Ukungu umepanda mpaka kwenye vioo, mweupe kama maziwa. Nilisimama pale na kikombe changu, nikajiona nimekaa kwenye meza hiyo, nikiwapangia wazee wa mji wetu wa Duluth wahudumu wao huku meli zikipita taratibu chini ya kidevu changu. Simu zililia, nadhani. Zilisikika kwa mbali, kama kengele za mji mwingine.

Marlys wa meza ya jirani akanigutusha. Akauliza kama siku hizi nimeajiriwa kuwa pazia. Naye anaitaka meza! Tayari ameweka chungu chake cha maua pale. Nimekihamishia chooni.

Jumanne, 25 Machi

Bosi wetu, Corinne, ametangaza: meza itakwenda kwa yule atakayesifiwa na wateja. Msiba! Marlys ana sauti ya asali. Wazee humwita "binti yangu". Mimi huniita "wewe wa simu".

Lakini ninaye Bibi Hilja Lahti. Hupiga simu kila asubuhi kulalamikia soksi zake za kubana, zile za kuzuia miguu isivimbe. Kampuni nzima inamwogopa. Sifa kutoka kwake zitatikisa jengo.

Nikamnong'oneza kwamba kesho nitamletea mkate mtamu wa iliki, naye ampigie Corinne amsifu Delbert Nyquist. Nikamtajia jina langu herufi kwa herufi.

Akasema, "Kijana, unanihonga?"

Nikasema hasha, bibi.

Akasema, "Basi hasara yako. Ningekubali."

Alitaka kuniambia jambo jingine, habari ya mhudumu wa kesho, lakini kule dirishani ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, nikageuka nikaona mlingoti wa meli bandarini. Nikamwambia yote yatakuwa sawa.

Jumatano, 26 Machi

Nilimdanganya Corinne kwamba naenda kwa daktari wa meno. Nikaenda kwa Bibi Hilja na mkate.

Nikabisha. Kimya. Nikachungulia dirishani: miguu miwili sakafuni, mmoja una soksi, mwingine hauna. Nikazunguka nyumba mbio.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alianguka asubuhi akijaribu kuvaa soksi mwenyewe, kwa kuwa mhudumu hakuja. Hakuja kwa kuwa hakupangwa. Hakupangwa kwa kuwa mpangaji, yaani mimi, alikuwa anatazama mlingoti.

Niliita gari la wagonjwa. Nikapiga magoti kando yake. Akafoka kwamba hapendi kutazamwa kutoka juu kama samaki sokoni. Basi nikalala sakafuni, ubavuni mwake, na tai yangu shingoni. Tukatazama dari. Nje, ukungu ulikuwa umeifunika nyumba yote, hata nikahisi tunaelea. Meli ikapiga honi mbali, ndefu, ya kwanza mwaka huu.

Akanishika mkono. Akasema, "Toivo, umechelewa."

Toivo ni marehemu mumewe. Alikuwa baharia wa meli za madini. Nilimwambia samahani, ni kweli nimechelewa, na ni mimi niliyesahau kumletea mtu.

Akasema, "Nyamaza basi. Umeshafika."

Sikuifikiria ile meza hata kidogo. Labda mara moja.

Alhamisi, 27 Machi

Nyonga haikuvunjika! Na amepiga simu kutoka hospitali!

Corinne alitusimamisha wote. Mteja mkali kuliko wote amemsifu mfanyakazi wetu aliyelala naye sakafuni akimshika mkono mpaka msaada ukafika. Nikanyoosha tai.

"Anaitwa Toivo," akasema Corinne.

Nikapaza sauti kwamba ni mimi! Marlys akauliza kama jana sikuwa kwa daktari wa meno. Akauliza ni jino lipi. Nikaonyesha. Akauliza tena. Nikaonyesha lingine.

Wakati huohuo mlango ukafunguka, akaingia yule bwana anayetuletea viti vya magurudumu. Jina lake, kwa bahati yangu ya kuzaliwa nayo, ni Toivo Maki. Wakampigia makofi. Wakamkumbatia. Yeye ni mtu mkweli, akakiri kwamba hakumbuki kufanya jambo hilo, ila akasema linamfanania.

Ijumaa, 28 Machi

Toivo hahitaji meza. Ana gari. Amepewa keki. Na mezani kwa Lorraine, mbele ya ziwa lote lile, Corinne ameweka printa mpya, ili tusigombane.

Tulisimama mbele ya printa, mimi na Marlys. Marlys akasema, "Lina bahati hilo dude." Ndilo jambo la kwanza tuliloafikiana.

Baada ya kazi nikapitia hospitali. Bibi Hilja alikuwa anasinzia. Alifumbua jicho moja akauliza, "Toivo, ziwa limefunguka?" Nikasema limefunguka lote, hakuna barafu. Nikamvika soksi zake, polepole, bila mkunjo. Hakulalamika! Nimerudi nyumbani kwa miguu nikipiga mluzi katika ukungu, na sijui hasa kwa nini.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Hakuna tena hila. Wagonjwa kwanza!

Asubuhi printa ilikwama. Ni kweli nilichomoa waya, lakini mdogo sana. Nikamwambia Corinne kwamba chombo cha thamani kama kile kinahitaji mtu wa kukaa nacho. Amechoka, akasema haya, leo tu.

Naandika haya nikiwa hapa, kiti changu kimebanwa kati ya printa na kioo. Ziwa ni samawati mpaka mwisho wa dunia. Meli inapita, ndefu na nyekundu, haina haraka. Kule kwenye friji simu yangu inalia. Imelia kitambo. Bila shaka Marlys ataipokea.